Tangi Penye Minyaa

Mimi ni mtu wa njia. Shule niliisoma vipande vipande, huku darasa moja, kule jingine, lakini kaburi nililolichimba mwenyewe siwezi kusahau lilipo.

Nilikuwa natoka Kinyangiri kuuza asali, nikapita kwa dada yangu Severina, huku nyuma ya Ihanja. Nikamkuta amekaa nje, moto hajawasha, na jua limeshapanda.

"Wameweka tangi," akaniambia hata sijatua mzigo. "Leo wanafungua maji."

"Si ndiyo maji mliyoyalilia?"

"Wameliweka pale penye minyaa, kaka."

Nikakaa chini.

Zamani boma lake lilikuwa kule juu. Mtoto wake wa kwanza, Rebeka, alinyweshwa maji ya lambo, yale ya kugombania na ng'ombe. Akaharisha, akafa hajajua kutembea. Kaburi nilichimba mimi, baba yake akapanda minyaa kuzunguka. Saruji tungeitoa wapi? Baadaye walihamia huku barabarani, yule baba naye akafa, na watu wakamwita dada yangu Mama Fredrick, kwa jina la mtoto aliyefuata. Ile minyaa ikaonekana minyaa tu, kama ya maboma mengine yaliyohamwa.

Mradi wa halmashauri ulipofika, mafundi walitaka mwinuko. Severina alikuwa Kilimatinde anamuuguza mkwewe. Wanakijiji wakafyeka wenyewe, wanaimba. Aliporudi alikuta zege.

Tukaenda. Bwana maji wa halmashauri, Melkizedeki, kijana mwenye adabu, alitupa shikamoo wazee wote. Akaeleza kwamba maji yanatoka kisima kirefu bondeni, yanasukumwa na sola mpaka kwenye tangi, yamepimwa, ni salama. Kisha akauliza, "Kabla hatujafungulia, kuna mwenye neno juu ya eneo hili? Aseme. Hata kama ni kusimamisha, tutasimamisha."

Nikaanza kuinuka. Severina akanivuta shati, akaninong'oneza.

"Kaa."

"Wakijua watalihamisha tangi."

"Wakijua hawatakunywa! Nani hapa atakunywa maji yaliyowekwa juu ya maiti? Watarudi lambo." Akanionyesha kwa kidevu jirani yake Kristina, mwenye mtoto mgongoni. "Na yule mtoto je?"

"Na wewe? Wako utamlilia wapi?"

"Si nitakuja kuchota kila siku."

Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba ndoo ya kwanza achote mama mzee kuliko wote. "Mama Fredrick, njoo! Lambo umelinywa kuliko ng'ombe wewe!"

Watu wakaangua kicheko. Dada yangu akafungua koki, akakinga kata, akanywa. Vigelegele vikapigwa. Kata ya pili akaipeleka chini ya tangi, akaimimina pale kwenye udongo polepole, kama anayenywesha mtoto.

"Mama Fredrick, unamwaga maji!" Kristina akapiga kelele.

"Mkono umetetemeka, mwanangu," akasema, akacheka pamoja nao.

Kesho yake niliondoka. Severina alinijazia kidumu cha njiani kwa maji ya tangi, akakifunga vizuri kwa mfuko wa nailoni.

Manyoni nimefika na kiu, kidumu kimejaa.