Kiti Kando ya Gancho

Miaka tisa Lyuben Karastoyanov alikaa kiti cha ndani, kando ya Gancho, na miaka tisa aligeuza ukurasa. Ndiyo kazi ya okestra ilivyo: wapiga fidla hukaa wawili wawili mbele ya stendi moja ya nota, na ukurasa unapokwisha, wa nje huendelea kupiga, wa ndani huacha, hunyoosha mkono, hugeuza. Siku moja Lyuben alihesabu kwa uchungu, akaona kwamba katika kila tamasha hunyamaza mara thelathini ili Gancho asinyamaze hata mara moja.

Gancho Peyovski ndiye aliyekuwa mkuu wa fidla. Shingo yake ilikuwa ya fahali, vidole vyake vinene kama vipini vya nyundo, lakini vikigusa uzi vilikuwa vyepesi kama vya mkunga. Alipiga watu, na jambo hilo halikuwa siri. Mpiga chelo mmoja alipiga mwayo mazoezini, Gancho akainuka, akamvunja pua mbele ya watu sitini, kisha akarudi kitini na kumwambia mwongozaji kwamba wanaweza kuendelea pale walipoachia. Na waliendelea. Watu walimvumilia kwa sababu moja tu: alipoweka upinde juu ya uzi, hata aliyemchukia tangu asubuhi alisahau chuki yake.

Lyuben hakusahau. Yeye naye alikuwa na damu ya moto, na mafahali wawili walikuwa wamefungwa kwenye stendi moja.

Ugomvi wao mkubwa ulianza majira ya kuchipua, na ulianza kwa desturi. Mkuu wa fidla akikatikiwa na uzi katikati ya tamasha, hasimami kuubadilisha. Hunyoosha mkono bila kutazama, na aliye kando yake humpa fidla yake. Huyo hupewa ya aliye nyuma yake, na wa nyuma ya huyo vivyo hivyo, mpaka fidla iliyokatika uzi inafika stendi ya mwisho ukutani, ambako Mama Denka, mjane wa miaka hamsini na nane, huifunga uzi mpya gizani huku wenzake wanapiga. Hakuna anayeuliza. Hakuna anayekataa. Hata maadui hupeana.

Basi siku ile uzi wa Gancho ulikatika, Lyuben akampa fidla yake. Fidla ile ilitengenezwa na baba yake, seremala wa kiwanda cha viti, aliyeichonga majira kumi na moja ya baridi kwa mti mgumu wa mlimani alioukata mwenyewe, na akafa kabla rangi haijakauka vizuri. Baada ya tamasha Gancho aliingia chumba cha kuvalia akiwa ameishika shingoni kama kuku wa kuchinjwa. Alisema mbele ya wote kwamba amepiga masanduku ya nyanya yenye sauti nzuri kuliko hii, kisha akaitupa kwenye kochi. Haikufika kochini. Iligonga ukingo wa meza, na ufa ukaingia ubavuni, mrefu kama kidole.

Lyuben alimrukia. Gancho alilidaka konde lake hewani, akamzungusha, akamsukuma uso kwa uso na kioo cha ukutani. Kioo kilipasuka. Tangu siku hiyo Lyuben alikuwa na kovu jeupe juu ya mdomo, na kila asubuhi alipojinyoa aliapa upya kwamba atalipiza.

Lakini vuli ilipofika, kulikuwa na jambo kubwa kuliko kiapo. Gancho alitimiza miaka sitini, na tamasha la Jumapili, saa tano asubuhi, ndilo lingekuwa la mwisho kwake. Baada ya tamasha mkurugenzi angesimama jukwaani na kutangaza nani anarithi kiti. Mkurugenzi alikuwa mtu wa karatasi, hakujua fidla wala filimbi, na kila mtu alijua kwamba angelitamka jina atakaloambiwa na Gancho. Kiti hicho Lyuben alikuwa amekitamani tangu ana umri wa miaka ishirini na tano. Alikilalia, akakiamkia. Mwingine wa kukipigania hakuwapo, au hivyo ndivyo alivyodhani. Kwenye stendi ya pili alikaa Nevena, binti wa miaka ishirini na sita, ambaye Lyuben alimjua zaidi kwa kikohozi chake kuliko kwa muziki wake.

Jumamosi, mazoezi yalipokwisha, Mama Denka alimvuta Lyuben kwenye ngazi, akampa kipande cha mkate wa jibini aliouoka mwenyewe.

"Kula," alimwambia. "Na hasira zako uzile pamoja nao. Imebaki Jumapili moja tu, mwanangu. Akikutukana, meza. Akikukanyaga, meza."

"Na akinitemea mate, mama?"

"Jipanguse. Saa saba mchana utakuwa mkuu, na wewe utatutemea sisi."

Lyuben alicheka, akaahidi. Na ahadi ile aliitoa kwa moyo safi.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi roshani. Kipande cha mwisho kilikuwa simfoni ndefu ambayo katikati yake okestra yote hushuka, inabaki kunong'ona, na mkuu wa fidla peke yake hupanda juu ya minong'ono hiyo kama mtu anayetoka nyumba inayoungua. Gancho alikuwa amekichagua mwenyewe. Tangu asubuhi hakumsemesha Lyuben hata neno, na Lyuben alihesabu hiyo kuwa neema.

Walipokaribia pale, zikibaki pumzi kama kumi, uzi wa juu wa Gancho ulikatika. Ulilia kama mjeledi, na ncha yake ikamchana shavu. Gancho hakupepesa. Alinyoosha mkono pembeni, kiganja wazi, macho yakiwa mbele kwa mwongozaji.

Lyuben aliutazama mkono ule. Aliona kiganja, aliona vidole vinene, akauona ufa ulioingia ubavuni mwa fidla ya baba yake, ambao mwezi mzima alikuwa akiuziba kwa gundi ya mifupa. Mwili wake uliijua desturi. Mkono ulikuwa tayari umeanza kuitoa. Akaurudisha.

"Lete," Gancho alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka.

Lyuben aliibana fidla kifuani.

"Lete, mtoto wa seremala. Utanizika na kisanduku chako baadaye."

Lau angesema jingine lolote, pengine yangekwisha. Lakini alimtaja marehemu. Lyuben alihisi damu ikimpanda kutoka magotini, ikapita tumboni, ikafika machoni. Aliiweka fidla begani. Okestra ilikuwa imeshuka, minong'ono imeanza, mwongozaji amemgeukia Gancho kwa fimbo iliyoinuka, na badala ya Gancho, aliyesimama alikuwa Lyuben.

Alipiga. Na alipiga vizuri, hilo hata adui hawezi kulikana. Kwa muda wa pumzi tatu, nne, fidla ya seremala ilijaza ukumbi mpaka roshani, na mzee mmoja safu ya mbele akavua kofia aliyoisahau kichwani. Miaka tisa ya ukimya ilikuwa inatoka. Lyuben alifumba macho.

Hakuliona pigo. Gancho aliinuka na fidla yake iliyokatika uzi, akaizungusha kwa mikono miwili kama mpasua kuni, akampiga nayo juu ya jicho. Nyusi ilipasuka. Stendi ilianguka, karatasi za nota zikaruka. Lyuben aliyumba, lakini hakuiachia fidla ya baba yake, na Gancho akaikamata shingoni. Wakavutana. Huyu alishika kiwiliwili, yule shingo, na kati yao mti ule ukasema neno moja kavu. Shingo ilibaki mkononi mwa Gancho na nyuzi zake zote nne, na kiwiliwili kikabaki mikononi mwa Lyuben, kimefunguka, kitupu.

Hapo Lyuben hakuwa mtu tena. Alimpiga Gancho kichwa puani, akamfuata chini. Waliviringika kati ya viti, suti nyeusi zikichanika, viatu vikipiga mbao za jukwaa. Gancho alimng'ata sikio. Lyuben alimpiga ngumi mdomoni mara mbili, jino likamkaa kwenye kifundo. Kisha akaona mkono wa kushoto wa Gancho umejishika kwenye ukingo wa jukwaa dogo la mwongozaji, mkono ule wa nyuzi, mkono wa mkunga. Akainuka kwa goti moja, akaukanyaga kwa kisigino, kwa uzito wake wote. Vidole vilivunjika, na alivisikia vikivunjika.

Na hapo ndipo aliposikia kitu kingine. Muziki haukuwa umekoma.

Minong'ono ilikuwa inaendelea chini kama kawaida, na juu yake fidla moja ilikuwa inapanda, pale pale alipoachia yeye, bila kukosa hata nota. Lyuben aligeuza kichwa, damu ikimziba jicho. Nevena alikuwa amesimama kwenye stendi ya pili, mguu mmoja juu ya nota zilizoanguka, anapiga kwa kumbukumbu. Hakuwatazama. Alipiga bila haraka, bila kumwonyesha mtu yeyote chochote, kama anayesema ukweli kwa watu wanaomjua. Ukumbi mzima ulimtazama yeye. Watu mia sita, na hakuna hata mmoja aliyewatazama wanaume wawili sakafuni.

Wapiga baragumu wawili waliwaburuta nje kwa kwapa.

Hospitalini waliwekwa kwenye benchi moja kwa sababu hakukuwa na jingine. Lyuben alishonwa nyusi, Gancho alisubiri plasta, mkono wake umevimba mpaka hauna vifundo. Askari alikuja na daftari, akamwuliza Gancho kama anamshtaki mtu. Gancho alimjibu kwamba ameanguka ngazi. Askari akamwuliza ngazi gani, Gancho akasema kama anataka kuziona amfuate nje. Askari alifunga daftari.

Plasta ilichelewa.

"Yule binti," Gancho alisema mwishowe, akitema damu kwenye kitambaa. "Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Miaka minne yuko nyuma ya kisogo changu. Sikuwahi kumsikia."

Gancho alimgeukia kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka, na Lyuben aliona kwamba mzee anacheka.

"Niliandika jina lako wewe, unajua. Tangu Ijumaa. Barua iko mezani kwa mkurugenzi."

"Unadanganya, mzee."

"Nenda kaulize, punda wee."

Lyuben alimshika kola kwa mkono uliofungwa bandeji. Nesi alipiga kelele mara moja, wauguzi wawili wa kiume wakaja, wakawakalisha ncha mbili za benchi, na mmoja akakaa katikati yao akila mbegu za alizeti.

Jumanne asubuhi Lyuben aliitwa kwa mkurugenzi. Hakufukuzwa. Mkurugenzi alieleza kwa maneno mengi kwamba wapiga fidla hawaokotwi barabarani, kwamba Gancho hamshtaki, kwamba okestra imepiga kura jana na kiti amepewa Nevena, wote wamekubali kasoro mmoja, na huyo mmoja alikuwa Nevena mwenyewe. Lyuben atapewa fidla ya okestra. Atakaa stendi ya mwisho.

Lyuben alimwambia hakuja kwa hayo. Alitaka kuiona barua.

Mkurugenzi alisita, kisha akaisukuma juu ya meza. Ilikuwa ya Ijumaa, kwa mwandiko wa Gancho, mistari miwili: Mpeni Karastoyanov. Ana kichaa, lakini hakuna mwenye sikio kama lake, na kwangu mimi ametosha.

Aliisoma mara nyingi, ingawa ilikuwa fupi. Kisha akashuka ukumbini.

Walikuwa wamekwisha kukaa. Nevena alikuwa kwenye kiti cha nje, mgongo umenyooka, na kando yake, kwenye kiti ambacho Lyuben alikikalia miaka tisa, alikaa mwingine. Hakuna aliyemsalimu. Alipita kati ya stendi akiwa na fidla ya watu mkononi, stendi ya pili, ya tatu, ya nne, na kila alipopita magoti yalivutwa ndani kumpisha. Mpiga baragumu mmoja alinong'ona kwamba bondia wetu amefika, na wenzake wakacheka puani.

Alifika ukutani. Kiti kilikuwa tupu kando ya Mama Denka. Lyuben alikitazama kiti, akatazama visogo vyote vilivyokuwa mbele yake, na kule mwisho kabisa kisogo cha Nevena. Damu ikaanza tena kumpanda kutoka magotini. Akakishika kiti kwa egemeo lake, akakiinua juu ya kichwa, miguu minne ikatazama dari.

Mpiga baragumu alisimama nusu. Mwongozaji aliishusha fimbo yake. Nevena aligeuka, akamtazama, upinde wake ukiwa tayari juu ya uzi.

Mama Denka peke yake hakugeuza kichwa. Alikuwa anapaka upinde wake ulimbo mkavu, taratibu, kutoka ncha hadi mpini.

"Kishushe, mwanangu," alisema. "Tunachelewa."

Lyuben alimtazama mama yule, akatazama upinde wake. Kisha akakishusha, akakiweka mahali pake, akakikalia.