Sahihi ya Muhonja

Kwa mara ya tatu mwaka huu, Sylvanus alimwita dada yake aje Khayega kumtazama fahali. Muhonja alifika na mkoba wa dawa, akamkuta fahali huyo, Tingatinga, anachechemea, bega limevimba kama mtungi.

Muhonja alisomea mifugo chuoni, na tangu ahitimu ndugu yake hakutafuta mtaalamu mwingine. Alikamua usaha, akaosha kidonda, akamdunga fahali sindano, kisha akasema mnyama apumzike miezi miwili. Sylvanus aliitikia vizuri sana, kama mtoto anayeambiwa akaoge, halafu akachomoa karatasi mfukoni. Pambano la mafahali lilikuwa Jumamosi, na kamati ilitaka sahihi ya mtaalamu kwamba fahali ni mzima.

Muhonja aliisoma mara mbili. Kukataa kulimtia homa siku zote. Mwaka jana ni yeye aliyemwomba jirani radhi kwa mahindi yaliyokanyagwa na fahali. Pasaka alimdanganya mama kwamba pembe iliyovunjika pambanoni ilivunjikia zizini, kwa kuwa Tingatinga ndiye kumbukumbu pekee ya marehemu baba, na mama alikwisha kukataza asipiganishwe. Kila alipozima moto, Sylvanus alileta kuni.

"Siweki sahihi," alisema, akiliambia bega la fahali.

"Dada, wataniita mwoga. Wapiga ngoma za isukuti wamekwisha kualikwa."

"Wakuite. Ukinihitaji kumtibu nitakuja, hata kesho. Lakini kumpiganisha ni uamuzi wako. Usiufanye wangu."

Sylvanus alicheka, akasema chuo kimemharibu, siku hizi anahubiri kama wale wa redioni. Kufikia Alhamisi alikuwa amempata mtu wa kuweka sahihi.

Jumamosi Tingatinga alianguka kabla ngoma hazijakolea. Sylvanus alipiga simu akilalama: mbona hakumzuia? Muhonja alitaka kupiga kelele, akabeba mkoba badala yake.

Alimkuta fahali amelala, bega limeteguka. Angepona, lakini hangepigana tena. Alikuwa anampaka dawa simu ya Sylvanus ilipoita. Habari zilikuwa zimefika nyumbani.

"Ni mama," Sylvanus alinong'ona, akimnyooshea simu. "Ongea naye wewe. Wewe anakusikiliza."

Mikono ya Muhonja ilikuwa imejaa dawa. Hata ingekuwa mikavu, asingeipokea. Simu ikaita mpaka ikanyamaza, ikaanza upya. Muhonja akaendelea kupaka mpaka aliposikia nyuma yake sauti ndogo, isiyo na mzaha hata kidogo:

"Mama, ni mimi. Nilimpeleka."