Mistari ya Chumba cha Pasi

Asubuhi, kabla mashuka ya hoteli hayajashushwa, msichana aliyeitwa Kimya alivua sweta kwenye chumba cha pasi akakuta mikono yake ina mistari ya njano na nyeusi, kutoka viwikoni mpaka mabegani. Alijaribu sabuni. Haikutoka, basi akaanza kukunja foronya.

Mama yake mdogo, aliyekuwa akipiga pasi kwenye meza ya jirani, alikuwa nayo tangu mwaka jana. Ilimtokea siku msimamizi alipompapasa kiuno, naye akamwekea pasi ya moto mkononi. Msimamizi alilia mpaka wageni wakasikia. Tangu hapo akiona njano na nyeusi, hata kwenye skafu, hupita mbali.

Kimya hakuwahi kumchoma mtu. Hata mbu alimpungia tu aende zake. Ndiyo maana msimamizi alikuwa haishi kusimama nyuma yake, eti anakagua mikunjo, na jioni Kimya alikuwa akirudisha sahani bila kuigusa.

"Yako imeanza na nyeusi," mama mdogo alisema, akimgeuza mkono. "Yangu imeanza na njano."

"Si atajua sijawahi kuchoma mtu, mama mdogo?"

"Ajue kwa kusogea karibu? Athubutu!"

Msimamizi aliingia, mkono umetangulia. Aliiona mistari. Mkono ukarudi mfukoni, naye akazisifu foronya akiwa bado mlangoni. Kimya alishusha pumzi ndefu. Mchana alimaliza sahani, akaongeza, akacheka kwa sauti hadi wenzake wakamtania kwamba kumbe ana meno.

Mwezi haukuisha kabla chumba kizima hakijapata mistari. Mfuaji mmoja alitoka madoadoa mekundu, nayo yakafaa vilevile.

Mwenye hoteli alikuja kuangalia. Alipita meza zote, akatikisa kichwa, asiulize mistari imetokana na nini. Msimamizi alibaki na cheo chake. Wanawake walipewa sare za mikono mirefu ili wageni wasishtuke.

Walishukuru, wakazivaa. Viatu vya msimamizi viliposikika kwenye korido, wote walikunja mikono ya sare mpaka mabegani, wakaendelea na kazi. Viatu vilisita, vikageukia jikoni, alikokuwa ameajiriwa binti mpya ambaye ngozi yake haikuwa na alama yoyote.

Kimya aliweka foronya chini, akaenda jikoni kuomba maji. Hakuwa na kiu, lakini alisimama kando ya yule binti, mikono wazi, akanywa taratibu mpaka msimamizi alipoondoka.