Dirisha Kati ya Nukta ya Sita na ya Saba

Asubuhi ya kuwasha boila, Vasemaca aliweka kikombe chake cha chai juu ya bomba lililopoa, akafungua mkoba na kutoa kipima unene. Yeye ndiye mkaguzi, na kiwanda kizima cha sukari cha Nasavulevu kilimngoja. Malori ya miwa yalikuwa yamejipanga hadi kanisani.

Utaratibu ulioidhinishwa ulimtaka apime chuma penye nukta za njano zilizopakwa tumboni mwa boila, basi. Nukta zote zilikuwa salama. Kati ya ya sita na ya saba, chuma kilikuwa kimelika mpaka kikawa kioo, na maji yakaonekana ndani yametulia.

Rusiate, msimamizi wa boila, alikuwa amekiegemea akitafuna muhogo.

"Kinasaidia sana," alisema. "Zamani tulikuwa tunabahatisha maji yamefika wapi."

Vasemaca akapima pale. Unene wa ganda la yai. Akampigia simu mkuu wake aliyekuwa makao makuu, mjini Suva.

"Nukta ya ngapi?"

"Kati ya sita na saba, bosi."

"Kati hakuna nukta."

"Kuna dirisha."

"Madirisha ni ya watu wa majengo. Ukipima nje ya nukta umevunja utaratibu, na leseni yako unajua nani aliitoa. Tia sahihi, mama, miwa inachacha."

Akarudi kwa Rusiate. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana kijiji chake na cha Rusiate ni watani tangu enzi za mizimu yao. Kati yao hakuna tusi linalouma, wala neno linalochukuliwa kwa uzito.

"Rusiate, hiki kitakupasukia. Utamwagika kama uji."

"Afadhali uji kuliko nyinyi mnaokula popo na manyoya yake."

Wachochea moto wakacheka, wakashikana mabega.

"Nasema kweli."

"Ndivyo mlivyosema mlipotuibia nguruwe."

Vasemaca akaelewa kwamba ndani ya kiwanda kile ni yeye pekee aliyekuwa na hofu, na ni yeye ambaye mila ilimkataza Rusiate kumwamini. Akakataa kutia sahihi. Mchana akaletwa mkaguzi mwingine, Bwana Dharmendra, mtu mkunjufu, akapima nukta, akausifu mwanga, akatia sahihi kabla ya kumaliza chapati yake. Boila ikawashwa. Vasemaca akahamishiwa kukagua matanuri ya mikate ya mjini, na wanawake wa maabara wakawa wanakuja na chakula chao kutazama maji yakichemka.

Lakini mtani ana ruhusa nyingine: kuchukua mali ya mtani wake bila kuomba. Na bila buti mtu haingii kwenye nyumba ya boila. Huo nao ulikuwa utaratibu ulioidhinishwa, na haukuwa na kasoro.

Jumatatu Vasemaca akarudi kiwandani, akachukua buti za Rusiate.

"Mwizi wewe," alisema Rusiate, akicheka, kwa sababu hana ruhusa ya kufanya lingine.

Rusiate akanunua nyingine. Zikachukuliwa. Akaazima za shemeji yake, nazo zikaenda. Wakubwa wakachoka, wakampeleka uwanjani kupima uzito wa miwa, kazi inayofanyika kwa ndala.

"Umeniharibia kazi, mwanamke."

"Sura uliharibikiwa kabla sijazaliwa. Kazi ni nyongeza tu."

Nafasi yake akapewa Apisai, baba wa watoto sita, mtu wa visiwa vya mashariki. Vasemaca akamfuata akiwa na gunia tupu la kutilia buti. Dirisha lilikuwa limefikia upana wa mlango, na nukta zake, pande zote mbili, bado zilikuwa salama. Akamuuliza kwao wapi. Akamuuliza kwao mama yake, na kwao bibi yake, wakapanda hivyo hivyo hadi kwenye mizimu, na utani hawakuupata popote.

"Pole, dada," alisema Apisai, akamvutia kiti. Kisha akakaa na yeye, akanyoosha miguu, akaegemeza buti zake mpya kwenye kioo cha moto.