Mgeni Rasmi na Pete za Zohali

Katika miaka yake ya udiwani, Fanueli Mgaya alikuwa amefungua vitu vingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Alifungua visima, vyoo vya shule, mashindano ya mpira, semina za ufugaji wa kuku, na safari moja, kwa bahati mbaya, alifungua kisima ambacho alishakifungua mwaka uliotangulia. Alikuwa na sauti nzito na suti ya kijivu inayomkaa vizuri, na wala hakuwa mtu wa maringo. Ukimwita anakuja. Atakata utepe, atasema amefurahishwa sana na alichokiona, atakula, ataondoka.

Ukweli ni kwamba hakuwa akitazama chochote. Macho yake yalikuwa kwa watu: nani kakaa na nani, nani kapiga makofi kwa uvivu, nani ananong'ona na Boniface. Huyu Boniface alikuwa na duka la mbolea na mbegu pale Nyololo, na kila mtu kwenye kata alijua kwamba uchaguzi ukifika ataitaka nafasi ya Fanueli. Hakuwa ameitangaza nia hiyo, ila alikuwa ameanza kuhudhuria misiba ya watu asiowafahamu.

Basi Mwalimu Leokadia, anayefundisha fizikia katika sekondari ya kata, alipomfuata kumwomba awe mgeni rasmi katika jioni ya kutazama nyota, Fanueli aliuliza jambo moja tu.

"Watu watakuja wengi?"

"Nimetangaza makanisani kote, Mheshimiwa. Darubini nimeazima kwa wenzangu wa Mbeya, wamenipa kwa siku chache. Nataka kila mtu atazame, hata kama hajawahi kukanyaga darasani."

"Nitakuja," alisema Fanueli, na usiku huo huo akaandika hotuba kuhusu sayansi na maendeleo, yenye aya mbili za barabara ya kwenda Igowole.

Ilikuwa mwezi wa tisa, wakati ambapo kule Mufindi baridi haijaondoka lakini mbingu imetakata. Jua lilipozama uwanja wa mpira ulikuwa umejaa. Walikuja wachumaji wa chai na makoti yao, wakaja mafundi wa mbao, wakaja akina mama na watoto mgongoni, na wazee waliobebewa viti. Mbele kabisa ya foleni alikaa Bibi Matilda, muuza pombe ya ulanzi, ambaye alifika kabla ya darubini yenyewe. Boniface naye alikuwepo, akisalimia watu kwa mikono miwili.

Fanueli alishuka kwenye gari, akaitikia salamu za "kamwene" za wazee, akatoa karatasi zake mfukoni. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo.

"Naomba gari izimwe taa," alisema Leokadia. "Na simu zote zizimwe tochi. Macho yanahitaji kuzoea giza, la sivyo hatutaona vizuri."

Taa zikazimwa. Fanueli akabaki na hotuba mkononi, nyeupe kidogo gizani, isiyosomeka hata neno. Akaisogeza puani. Hakuna kitu. Alijua kuzungumza, lakini kwa miaka mingi alikuwa amezoea kusoma, na sasa aligundua kwamba hakumbuki hata sentensi ya kwanza.

"Labda mgeni rasmi aanze kwa kutazama," alisema Leokadia, akimwokoa bila kujua. "Hotuba itafuata."

Wakampigia makofi. Akaketi kwenye kigoda, akafumba jicho moja kama alivyoelekezwa, akaweka jingine kwenye tundu. Akaona giza. Alihesabu moyoni muda ambao mtu wa heshima hutumia kutazama kitu, kisha akainua kichwa.

"Kwa kweli nimefurahishwa sana," alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa uwanja. "Ni jambo la ajabu, nampongeza mwalimu."

Leokadia akainama karibu na sikio lake. "Mheshimiwa," alinong'ona, "bado sijatoa kifuniko cha mbele. Nilikifunga kwa ajili ya umande."

Kutoka mbele ya foleni, mahali alipokaa Bibi Matilda, ilisikika sauti ndogo kama ya mtu anayebanwa na kikohozi.

Fanueli alihisi masikio yakiwaka moto. Kama asingeaibika vile, huenda angeinuka na kuondoka zake, na tusingekuwa na la kusimulia. Lakini mtu aliyeumbuka hana budi kujionyesha mnyenyekevu, kwa hiyo kifuniko kilipotolewa akarudisha jicho kwenye tundu, na safari hii akatazama kwelikweli.

Kilikuwa kidogo sana. Kipande cha nuru rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda, kimekaa katikati ya weusi, na kimezungukwa na pete. Pete haikugusana nacho popote. Haikuning'inizwa wala haikuegemezwa. Fanueli alisubiri macho yamalize kumdanganya, lakini kila alipopepesa kitu kile kilikuwa palepale, kimetulia, hakina habari naye.

"Ni picha hii?" aliuliza, kwa sauti ambayo hakuna mpiga kura aliyewahi kuisikia.

"Hapana. Ni Zohali yenyewe. Ni sayari kama Dunia, ila kubwa zaidi, na iko mbali sana."

Halafu ikaanza kuondoka. Taratibu, bila kuyumba, iliteleza kuelekea pembeni mwa duara la darubini.

"Inakimbia," alisema Fanueli.

"Haikimbii. Ni sisi. Dunia inazunguka na darubini imesimama juu yake, ndiyo maana."

Fanueli akashika kigoda kwa mikono miwili. Alikuwa amesoma shuleni kwamba Dunia inazunguka, akajibu mtihani na kupata vema. Lakini alikuwa hajawahi kuihisi ikiwa inazunguka naye, na suti yake, na uwanja, na Boniface, yote kwa pamoja gizani, bila mtu kuombwa ruhusa.

Leokadia akamwonyesha kitasa cha kuzungusha ili aifuate. Hilo lilikuwa kosa lake. Fanueli aliikamata Zohali, ikateleza, akaikamata tena. Kila alipoipata upya ilikuwa kama mara ya kwanza, na kila ilipoanza kwenda aliona vibaya kuiacha. Nyuma yake foleni ilisubiri. Baada ya muda watu wakaanza kukohoa. Leokadia alisema, "Mheshimiwa, wananchi," akaitikia "Naam, naam," bila kuinua kichwa. Mwenyekiti wa kijiji alisimama pembeni akipikicha viganja. Hakuna utaratibu wowote, ulioandikwa au wa mdomo, unaoeleza namna ya kumwondoa mgeni rasmi kwenye kigoda.

Aliyemwondoa ni ukungu. Ulipanda kutoka upande wa mashamba ya chai kama kawaida yake, ukafunika miti, ukafunika goli, ukafunika mbingu. Zohali ikafifia, ikazimika. Fanueli aliinua kichwa na kuona umati wote umemkodolea macho. Walikuwa wametembea kutoka vitongoji vya mbali kuja kutazama nyota, na walichotazama jioni nzima ni mgongo wake.

Walirudi nyumbani polepole, bila kelele. Leokadia alifungasha darubini bila kumtazama, na alipomaliza akasema, "Mheshimiwa, sina namna ya adabu ya kusema ninachotaka kusema." Fanueli alitamani angekisema tu.

Siku zilizofuata Boniface alifanya kazi nzuri. Pale dukani, huku akipima mbegu, aliwaeleza wateja kwa huzuni ya ndugu wa karibu: mbolea ya ruzuku mheshimiwa hupata kwanza, bomba la maji lilianzia kwake, sasa na mbingu ameitazama peke yake mpaka ikaisha. Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka.

Nyumbani mkewe, Sabina, alimwuliza mara moja tu, akiwa anachambua maharage.

"Baba Devotha, hicho kitu ulichoona kikoje?"

Fanueli akafungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kila kitu: ya harusi, ya msiba, ya mdahalo wa bajeti. "Kina pete," alisema mwishowe.

"Pete," alisema Sabina, akaendelea na maharage.

Mkutano wa kijiji ulipofika, ajenda ilikuwa barabara, lakini hata kabla ya sala kwisha mtu mmoja nyuma alitaka mheshimiwa aeleze alichokuwa akifanya siku ile. Fanueli alisimama. Angeweza kusema alikuwa akikagua kifaa kwa niaba ya wananchi. Sentensi hiyo ilikuwa tayari kwenye ulimi. Akatazama nyuso zile akaona hawezi kuitoa.

"Nilisahau kwamba mpo," alisema. "Nawaomba radhi. Kuna kitu kule juu kinaelea, kina pete, na hakijashikwa na chochote. Kipo kila siku. Nimeishi miaka yote hii chini yake nikiwa bize. Nilipokiona sikuweza kuinuka."

Kisha Boniface akainua mkono kwa adabu.

"Mheshimiwa, tusaidie. Hicho kitu kina faida gani kwa mkulima wa mahindi?"

"Hakina," alisema Fanueli.

Wale waliomjua walitazamana. Lilikuwa jibu fupi kuliko yote aliyowahi kutoa, na la kwanza ambalo halikuwa na upembuzi yakinifu ndani yake. Bibi Matilda akagonga fimbo sakafuni. "Basi na sisi tukione hicho kisicho na faida," alisema, "kabla mwalimu hajarudisha chombo cha watu." Ajenda ya barabara ikaahirishwa.

Leokadia alikubali jioni ya pili kwa sharti. "Hakuna mgeni rasmi," alimwambia Fanueli mlangoni pa ofisi ya walimu. "Ukija, uje kama mwananchi. Na utakuwa wa mwisho."

Alikuja na koti la kawaida, akasimama nyuma ya watu wote. Umati ulikuwa umeongezeka; habari zilikuwa zimefika hadi Mgololo kwamba kuna kitu kilichomfanya diwani asizungumze. Foleni ilisogea kwa shida. Fanueli, ambaye hakuwahi kupanga foleni tangu achaguliwe, aligundua kwamba miguu inauma kuanzia nyayo, na kwamba watu kwenye foleni huambiana mambo mengi ambayo diwani hayasikii. Alisikia juu ya daraja bovu, juu ya mtoto anayetapika damu, juu yake mwenyewe. Gizani hakuna aliyemtambua.

Mbele kule Bibi Matilda alikuwa ameketi. Alitazama kwa muda, kisha akauliza, "Inakaa hivi hivi hata kama hakuna anayeitazama?"

"Ndiyo, bibi."

"Na ilikuwepo nikiwa msichana?"

"Ilikuwepo."

Bibi Matilda akainuka kwa hasira. "Na hakuna aliyeniambia," alisema. "Nimezika waume wawili, nimekaa nje usiku kucha wa matanga, hii ikiwa hapo hapo kichwani kwangu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia." Akaondoka akibamiza fimbo, na hakumsalimia mtu mpaka nyumbani. Asubuhi alikuja shuleni kuuliza kama ziko nyingine.

Wengine walikuwa na yao. Fundi mbao mmoja alichungulia mbele ya darubini kuona kama mwalimu amebandika kitu. Mama mmoja alisema ni nzuri lakini alidhani ingekuwa kubwa, kwa jinsi diwani alivyozungumza. Boniface alikaa muda wa wastani, akashukuru, akarudi nyuma. Fanueli alimwona akipapasa mifuko kama mtu aliyedondosha funguo.

Foleni ilipokaribia kwisha, lori moja la kwenda Tunduma lilisimama barabarani. Dereva alishuka na kuja mbio, akiona watu wengi gizani.

"Ajali?" aliuliza.

"Hapana," alisema Fanueli. "Tunatazama Zohali."

"Ndiyo nani?"

"Simama hapa mbele yangu."

Dereva alitazama. Alirudi kwenye lori, akapanda, na kwa muda mrefu injini haikuwaka. Nyuma yake Fanueli aliketi kwenye kigoda kwa zamu yake, ukungu ukiwa tayari umefika golini. Alipata mzunguko mmoja tu. Zohali iliingia upande mmoja wa duara, ikapita, ikatokea upande mwingine, naye hakugusa kitasa.

Mwaka uliofuata alishindwa. Boniface alimpita kwa mbali katika kura za maoni, na ahadi iliyompa ushindi, kabla ya barabara na kabla ya mbolea, ilikuwa darubini kwa kila kijiji. Aliieleza vizuri sana jukwaani, pete na yote, huku akionyesha kwa mikono. Darubini hizo hazijafika. Zinasemekana ziko kwenye mchakato.

Fanueli aliumia, asiseme mtu kwamba hakuumia. Suti ilikaa kabatini, simu ikaacha kulia. Alirudi kwenye miti yake na ng'ombe wake wawili. Jumamosi moja moja alikwenda kumsaidia Leokadia pale darubini ya Mbeya ilipopatikana. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wazime simu.

Jioni moja ya mwezi wa kumi alikuwa amesimama uani, shingo imepinda, Sabina akatoka na khanga mabegani.

"Nionyeshe basi," alisema. "Kijiji kizima wameiona, mimi nilikuwa napika."

Akamwelekeza kwa kidole, juu ya paa la banda. Bila darubini ilikuwa nukta ya manjano, haimetameti.

"Hiyo?" alisema Sabina. "Hiyo naijua. Naiona kila siku nikija kufunga kuku."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Ndiyo yenye pete?"

"Ndiyo."

Sabina naye akapinda shingo. Kuku walikuwa wameshafungwa zamani, na mboga ilikuwa jikoni inaungua. Wote wawili waliisikia harufu yake, na hakuna aliyekwenda kuiepua.