Ufunguo Ndani ya Fundo la Kikwembe

Sogeeni basi, sogeeni karibu ninyi nyote mnaosemasema ndani ya kichwa changu, wewe Moïse mume wangu, wewe mama uliyenizaa, na wengine mliokwisha kwenda, kaeni hapa, halafu mnyamaze, maana leo nimeketi ndani ya motuka mpya, motuka yangu mimi, na mkigombana siwezi kuisikia… ngoja, ina harufu, harufu ya beseni la plastiki linapotoka dukani, na kiti bado kimevaa nailoni yake, nimekataza mtu asiichane, na nje ni nyekundu, nyekundu ya mafuta ya mawese yakiwa bado moto, imetoka Kinshasa juu ya mashua wiki nne nzima, imepanda mto kama mtu mkubwa, na asubuhi hii dereva wa bandari ameileta hadi hapa lupangoni, uani kwetu Tshopo, akaizima, akanitia ufunguo mkononi, akapanda toleka akarudi kazini, nikamwona amekaa nyuma ya baiskeli ya watu, yeye aliyetoka kuendesha kitu kama hiki, nikacheka peke yangu… "Mama, leta funguo," anasema Hilaire, mwanangu mkubwa, amekaa hapa kushoto kwangu kwenye usukani, magoti yamemfika kidevuni kwa sababu hajui kukisukuma kiti nyuma, na mimi nagusa fundo la kikwembe kiunoni, ufunguo upo, mdogo, mweusi, laini kama kokwa la mchikichi, lakini siutoi, bado, kwetu kitu kipya cha nyumba mzee hukikalia kwanza, hukitemea mate kidogo ya baraka, halafu hutaja mkono utakaokishika, na mkono ukishatajwa ndiyo basi, hakuna wa kuubadilisha, na motuka hii wameichangia watoto wote, wakasema ni ya mama, mama ndiye atataja, na hapo nje kila mtu anajua nitataja nani, mkubwa, mwanaume, hata kuku wanajua… nani anapiga kelele huko chini, ni Yunus, fundi wa pikipiki wa kona ile, amelala tumbo kwenye vumbi, amesimamisha sandali yake chini ya motuka, anapima, "Iko chini sana! Sandali haipite! Mashimo ya hapa itakula tumbo yake!" na Hilaire anatoa kichwa dirishani, "Yunus, usitukane motuka ya mama, wewe uko na wivu," "Wivu ya nini? Mimi ndiye nitaitibu!" na wote wanacheka, na mimi nacheka, miguu yangu inacheka, inatafuta pa kukanyaga na haifiki sakafuni, mimi ninayevimba miguu kila nikitoka sokoni, sasa imening'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kanisa… halafu motuka inatikisika, nini tena, ah, jirani yangu Ramla, amefungua mlango wa nyuma kabisa, ule unaonyanyuka juu kama mdomo wa kiboko, amelaza viti, ameingiza mkungu wa makemba, "Mukungu muzima imeingia! Na nafasi imebaki, mutu anaweza kulala hapa na mutoto yake!" "Ramla, utoe makemba yako, itachafua!" "Itachafua nini, motuka haijue chakula?" na Yunus anainuka, anajipangusa vumbi, anaihesabu kama daktari, "Iko na milango ine," "Tano," anasema Ramla, "na hii yangu," "Ile haiko mulango, bwana, mulango ni pahali mutu anapitaka," "Makemba imepita, wewe unaita vile dirisha?" hihi, Ramla huyu, hata akizeeka ulimi wake hautazeeka… motuka ndogo namna hii, ukiitazama ubavuni unasema ni kikapu chenye magurudumu, lakini ndani, ndani nyumba, nyuma yangu wanaingia watatu na mtoto mapajani, na makemba, na magunia mawili ya mkaa, nitapanda hii kwenda dispansari, nitapanda hii kwenda kulaki wageni uwanja wa ndege wa Bangboka, nitashuka taratibu, watu watauliza huyu mama ni nani… "Tundu iko wapi?" anasema Hilaire, vidole vyake vinapapasa pembeni mwa usukani, chini, juu, "tundu ya kuingiza funguo, mbona sioni," na Yunus ameingiza kichwa dirishani upande wake, anapapasa naye, wanaume wawili wanapapasa kama wanaotafuta sindano gizani, na Yunus anasema kwa sauti ya fundi, "Bon, walisahau kuitoboa. Inatokeaka. Kesho nitaleta mashine, tutatoboa hapa hapa," Mungu wangu, atoboe motuka yangu… "Yaya Hilaire, haiko na tundu," sauti hiyo ni ya upande wangu, ni Philomène, binti yangu anayemfuata Hilaire na kumwita yaya, kaka mkubwa, amesimama kwenye dirisha langu na bluzi yake ya uuguzi, hajapata hata kubadilisha, "funguo ikiwa ndani na mutu inatosha. Kanyaga frein, ile breki, kisha finya kile kiduara," anasema polepole, yeye aliyejifunza kuendesha kule Yahuma kwenye gari la chanjo, kwenye matope yaliyofika milangoni, na Hilaire hamtazami, "Philo, toka pale kwanza, hii ni mambo ya wanaume," akakifinya kiduara, bila kukanyaga ile breki, na… ayayaya, mwanga, mwanga mbele yangu, buluu, nyeupe, vinamba vinacheza, redio inasema jambo, Ramla anapiga kigelegele, kuku wanakimbia, "Imewaka!" na Yunus ameegemeza sikio juu ya boneti, amefumba macho, "Sikieni vile iko kimya… kimya kama mutu anasali! Motuka ya siku hizi haina makelele, bwana!" na Hilaire anakanyaga mafuta, anakanyaga, shingo imekaza, "Inaenda?" "Haijaenda." "Iko na heshima, inangojea ruhusa ya mama," anasema Yunus, na Philomène ameziba mdomo, mabega yanatetemeka kwa kicheko, ananitazama mimi peke yangu, macho yaleyale… macho ya alipokuwa na miaka kumi na miwili, siku zile sita watu wa nje walipopigania mji wetu, mabomu yakipita juu ya paa, Moïse amekwama ng'ambo ya mto, Hilaire ana homa, hawezi kusimama, mimi nina mdogo mgongoni na mwingine mkononi, nani alilishika toleka la baba yake, nani, alimlaza kaka yake nyuma, akamfunga kwa kikwembe changu asianguke, akalisukuma hadi msituni, baiskeli ndefu kumpita, akageuka akaniangalia hivihivi, "Mama, usilie, inatembea," akacheka, mtoto akacheka… na Moïse alipokufa, baada ya miaka saba, tonton Sébastien ndugu yake akaja na kofia yake akagawa, redio ataichukua yeye, alisema, maana ndiye mkubwa wa ukoo, toleka kwa Hilaire, maana ni mwanaume, na binti huyu ataolewa, atapata vya bwana wake, mama, una neno… una neno, aliniuliza mbele ya watu wote, na mimi niliyeona nani alisukuma, nilitazama chini, nikasema sina… sina, nilisema, Moïse, ulinisikia kutoka huko uliko, na toleka likakaa mvuani hadi likaoza, na Philomène alienda kuosha sahani za matanga… "Mama, sema basi, watu wanangoja," anasema Hilaire, mzuri, mwanangu mzuri mwenye magoti kidevuni, si mbaya, hajui tu, hakumbuki, alikuwa na homa… nani wa kumkumbusha kama si mimi, nimekaa na neno hili miaka yote kama mfupa wa samaki kooni, na leo wananiuliza tena, wananiuliza mara ya pili, nani huulizwa mara ya pili katika dunia hii, moyo wangu unapiga kama ngoma ya harusi, nasikia furaha hadi meno, mate ya baraka yamejaa mdomoni, motuka bado imesimama inasali sala yake, mkono wangu umeshika fundo, fundo linalegea… na baadaye wakiuliza nani alipata nini siku ile, waambiwe hivi: Yunus alipata boneti, aifungue atakavyo ila asitoboe, Ramla alipata mlango wa tano, awe anauita mlango, Hilaire alipata kiti hiki cha mbele nilichokipasha moto, na mama yake kumwelezea polepole, njia nzima, ni nani aliyembeba, na usukani, na ufunguo huu, na neno nililomnyima mbele ya watu, alipata Philomène.