Msiba wa Mwaka wa Kumi na Sita

Wakongo wa huku Australia wakitaka kuposa hunipigia simu mimi. Sijisifu, ukweli ndio huo. Kuanzia Mount Druitt mpaka Penrith, familia yenye kijana anayetaka mke huuliza kwanza kama Wilondja ana nafasi Jumamosi. Siku za kazi nasukuma makasha katika ghala moja la Minto na hakuna anayenisikiliza. Lakini nipe ukumbi, nipe watu wa upande wa pili wanaojidai, uone ulimi wangu unavyofanya kazi. Ulimi huohuo nusura umkoseshe Christian mke.

Christian ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mdogo wangu alifia katika kambi ya wakimbizi, akaniachia mtoto wa miaka minne, nami nikamwahidi kwamba nitamlea mpaka nimwoze. Nimemlea. Kilichobaki kilikuwa kumwoza, na msichana mwenyewe alishampata: Diane, Mrundi, anahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunza wazee. Diane hana baba wala mama. Alilelewa na bibi yake, Anésie Nibigira, mwanamke wa miaka themanini na mitano. Tukiwa njiani kwenda kwenye posa, Christian aliniambia mara tatu, mikono imekaza usukani: "Baba mkubwa, grandma ndiye anaamua. Akisema hapana, it's over. Diane hawezi kumpinga." Nikamwambia atulie, anasafiri na Wilondja.

Sasa, posa ya Warundi ni mchezo wa maneno. Pande mbili zinakaa zikitazamana, kila upande na msemaji wake. Upande wa msichana unawasingizia makosa: mara ng'ombe wenu walikula mtama wetu, mara babu yenu aliazima jembe akatoroka nalo. Ni uongo mtupu na kila mtu anajua. Kazi ya msemaji wa mvulana ni kuupokea ule uongo na kuujibu kwa mzaha hadi watu wacheke. Ukikasirika umeshindwa, ukikosa jibu umeshindwa vilevile. Mambo yakienda vizuri, chungu cha pombe ya mtama kinawekwa katikati, wazee wa pande zote wanainama kuinywa kwa mirija, kisha msichana anatolewa chumbani. Mchezo huo naujua. Nimewacheza Warundi wanne na wote walitoa wasichana.

Tulichagua tarehe ishirini na tano Aprili kwa kuwa ni sikukuu na ghala linafungwa. Ndiyo siku ambayo Waaustralia huamka alfajiri kuwakumbuka askari wao waliokufa vitani. Wiki nzima msimamizi wangu, Kelly, alikuwa akinionyesha picha ya baba wa babu yake aliyepigana vita vile vya kwanza vya dunia, na nishani ambazo angezivaa yeye mwenyewe siku hiyo, kifuani upande wa kulia. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama vita ile ilifika kwetu.

Swali lile lilinichoma. Nilimweleza wakati wa chai. Mrithi wa kiti cha mfalme alipigwa risasi huko Ulaya, wakubwa wakakasirikiana, Mjerumani akaikanyaga Ubelgiji. Mbelgiji, ambaye nyumba yake ilikwisha kukaliwa, akatafuta mahali pa kulipiza, akapaona kwetu, maana Mjerumani alikuwa ametawala Burundi na Tanganyika, ng'ambo tu ya ziwa. Ndivyo mtu wa Fizi, kwetu Kongo, alivyopewa bunduki akamfukuze Mjerumani kwa ajili ya marehemu asiyemjua hata kwa jina. Mtu huyo alikuwa baba wa babu yangu. Kelly akanipiga bega: "So you've got one too, mate." Nikavimba kichwa, na siku ya posa nilikuwa bado nimevimba.

Ukumbini, Mount Druitt, mambo yalianza vizuri. Msemaji wao alikuwa Térence Ntakirutimana, mpwa wake Mama Anésie, mtu mrefu anayeongea polepole kana kwamba kila neno analitoa mfukoni. Alitusingizia ng'ombe, nikamjibu. Alitusingizia kwamba tulikata migomba yao, nikamjibu, hata vijana wao waliokuwa wakirekodi kwa simu wakacheka. Chungu kilikwisha kuletwa. Mke wangu, Emérance, alikuwa anapiga makofi kila nikimaliza sentensi. Halafu Térence akauliza kama watu wanaotaka undugu nao wanaijua hata njia ya kwao.

Nikasimama. Nikanyoosha koti.

"Tunaijua tangu zamani," nikasema. "Baba wa babu yangu alikuwa askari wa Wabelgiji. Mwaka wa kumi na sita aliingia Kitega kwa miguu, Mjerumani akakimbia, akamfuata mpaka Tabora. Sisi hatuulizi njia. Sisi ndio tuliowafungulia."

Upande wetu ulishangilia. Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi na siku zote naishia Tabora. Ina kipande kingine, ambacho babu alinisimulia mara moja tu akiwa mgonjwa, nami huwa nakiruka. Hakifai kwenye sherehe.

Ndipo Mama Anésie akainua mkono. Ningekuwa na akili timamu ningeshtuka papo hapo, maana katika posa wenye kusema ni wasemaji, wazee wananyamaza. Lakini nilikuwa nimelewa makofi.

"Huyo askari," akauliza, "mizigo yake alibeba mwenyewe?"

"Hapana, koko," nikajibu, kwa maana sisi bibi zetu tunawaita koko. "Alibebewa na watu wa kwenu."

"Na wa kwetu aliyemchukua, alimpeleka wapi? Hajarudi."

Nikajiambia, hili singizio ni tamu kuliko la ng'ombe, huyu mama anaujua mchezo. Jibu likanijia lenyewe, nami sikuliangalia mara mbili.

"Koko, alikuwa mbebaji mzuri mno. Ndiyo maana tumerudi kuchukua mwingine."

Kwetu walicheka. Kijana mmoja akapiga mluzi. Upande wa pili hakutikisika mtu. Simu zilizokuwa zikirekodi zikashushwa moja moja, na nikamsikia Emérance akiacha kupiga makofi katikati. Térence akanigeukia.

"Mzee Wilondja, hilo halikuwa la mchezo."

Akawapa ishara wasichana wawili. Wakaja, wakachomoa mirija, wakakibeba chungu wakakirudisha jikoni. Asiyezijua desturi za Warundi angedhani wanakwenda kukijaza. Mimi nilijua. Pombe ikiondolewa, posa imekataliwa. Nikaanza kusema neno, hata sijui lilikuwa neno gani, Christian akanishika koti kutoka nyuma. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Baba mkubwa, please," akasema. "Just stop talking."

Nikakaa. Mama Anésie hakuinua sauti. Alisema kwa Kiswahili chake cha kambi za Tanzania, pole pole. Baba yake alikuwa na miaka sita siku askari walipoingia kilimani kwao. Walitaka watu wa kubeba masanduku ya risasi. Babu yake alikuwa analima, akachukuliwa na jembe mkononi, akafungwa kamba shingoni pamoja na wenzake, na mtoto akawafuata mpaka mtoni, akarudishwa kwa kitako cha bunduki. Vita ikaisha. Wazungu wakagawana walichogawana, Mjerumani akaondoka, Mbelgiji akabaki na Burundi. Hakuna aliyekuja kusema mtu yule yuko wapi. Kwa hiyo nyumba haikuomboleza. Mkewe hakuitwa mjane, hakuolewa tena, hakunyoa nywele. Aliishi miaka arobaini na mitatu akipakua chakula cha mtu mmoja zaidi. Mama Anésie mwenyewe, alipokuwa mtoto, ndiye aliyekuwa akikila kile chakula asubuhi kikiwa kimepoa.

"Sitaki uniombe radhi," akaniambia. "Hukuwapo, nami sikuwapo. Nataka kujua aliishia wapi. Kama unajua, sema. Kama hujui, mchukue kijana wako mwende nyumbani."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku nilipopanga foleni ya unga kambini, mimi niliyekuwa mwalimu, pamoja na watoto wa wanafunzi wangu. Na nikaogopa. Kusema kwamba sijui ilikuwa rahisi. Tungeondoka, na Christian angeninunia maisha yake yote, lakini jina la familia lingebaki safi. Kusema kile kipande, hapo ningekuwa nimemwambia Mama Anésie mbele ya watu sabini kwamba damu inayotaka kumwoa mjukuu wake ni damu ya nani. Nilimtazama Christian. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anautazama mlango wa chumba alichofichwa Diane.

Nikasimama tena. Safari hii sikunyoosha koti.

Nikawaambia kwamba baba wa babu yangu hakuwa mpiganaji wa mbele. Kazi yake ilikuwa kuwalinda wabebaji wasitoroke. Kamba ilikuwa mkononi mwake. Siku kadhaa kabla ya Tabora, wabebaji waliotoka Kitega walishikwa na ugonjwa wa kuhara, na ofisa akaamuru wanaoanguka waachwe ili safari isichelewe. Aliwafungua kamba, akawalaza chini ya miti karibu na kijito kilichokauka, akaweka kibuyu kimoja cha maji katikati yao, akaondoka. Walikuwa kumi na mmoja. Mmoja alimwita, naye hakugeuka. Alipozeeka alikuwa akiamka usiku akihesabu mpaka kumi na moja, na babu yangu, aliyekuwa akilala chumba hichohicho, ndiye aliyesikia.

"Majina?" Mama Anésie akauliza.

"Hakuwauliza, koko."

"Walizikwa?"

"Hapana. Alisema alipita mahali hapo wakati wa kurudi. Hakusema aliona nini, alisema tu kwamba hakuna aliyeondoka." "Miye siwezi kuapa kwamba babu yako alikuwa mmoja wao. Wabebaji walikuwa maelfu."

"Mimi pia siwezi kuapa," akasema. "Lakini hao kumi na mmoja walikuwa na wenyewe."

Akafumba macho. Hatukujua kama anasali au anatafuta neno la kutufukuzia. Nje, kwenye bustani ya jirani, Waaustralia walikuwa bado wanapiga tarumbeta ya kuwakumbuka askari wao, na sisi wote tulikaa tukiisikiliza kwa kukosa la kufanya. Ilipokwisha, alimwita Térence, wakasemezana kwa Kirundi. Térence akatugeukia.

"Mama anasema leo hakuna posa," akatangaza. "Leo nyumba yetu imepata habari ya kifo. Msiba unaanza kesho, na nyumba yenye msiba haitoi msichana. Nendeni salama."

Basi. Tukakusanya makreti yetu ya soda. Katika gari, tulipopita daraja la reli, Emérance akasema kwamba angalau nimesema kweli. Christian akamjibu kwamba kweli haikumpa mke. Sikumlaumu. Nilitamani ulimi wangu ungekatwa nikiwa mdogo.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Nilivaa suti nyeusi, nikanunua mfuko wa mchele na sukari, nikapanda treni peke yangu mpaka Mount Druitt. Mtu aliyefukuzwa posani hana kazi msibani, hilo nalijua. Lakini kwetu ukileta habari ya kifo, huiachi mlangoni ukakimbia.

Nyumba ilikuwa imejaa. Sofa zilikuwa zimetolewa nje uani, wanawake wameketi mikekani, na katikati hapakuwa na picha wala jeneza, kwa kuwa hakuna aliyejua sura yake. Mama Anésie alikuwa amenyoa kichwa chote. Aliniona nikivua viatu. Hakunifukuza, hakunikaribisha. Nikaketi mwisho kabisa wa mstari, karibu na mlango, mahali mtu anapoweza kuondolewa bila usumbufu.

Nilikaa kwa muda wa saa nne bila kusema neno, na wanaonijua wanajua hilo ni jambo gani. Diane alipita na chai akanipa kikombe bila kuinua macho. Adhuhuri wakaja watu wa kanisa kutoka Penrith, kundi kubwa, wakaanza kutoa pole kwa kupita mstarini na kushika mikono. Mzee aliyewaongoza hakuwa ananifahamu. Alinifikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza kwa upole, kama inavyopasa:

"Pole sana, mzee. Marehemu alikuwa nani wako?"

Waliokuwepo ukumbini jana waligeuza vichwa. Nikasema lile moja lililokuwa kweli.

"Baba wa babu yangu ndiye aliyemwacha njiani."

Mzee yule akabaki ameushika mkono wangu, hajui aushike au auachie. Térence akaanza kunyanyuka. Na kutoka upande wa pili wa chumba nikaisikia sauti ya Mama Anésie, ya kuchoka, sauti ya mtu anayemtambulisha mgeni wa kawaida.

"Huyo ni mkwe wetu," akasema. "Diane, msogezee baba yako mkeka aje akae huku na wenye msiba."